Kipya Kinyemi, Ya Kale Dhahabu: Kwa Nini Gemu za Mtandaoni Huona Tabu Kuzeeka

Februari 2013 kampuni ya Jagex, yenye makao yake Cambridge nchini Uingereza, ilifanya jambo ambalo muuza duka yeyote wa Kariakoo angelicheka. Iliwauliza wateja wake kama wangependa kuuziwa tena bidhaa yake ya zamani. Siyo iliyokarabatiwa wala kupakwa rangi, bali ileile, na kasoro zake zote. Bidhaa yenyewe ni RuneScape, gemu ya mtandaoni iliyoanzishwa na Andrew Gower na nduguye Paul mnamo Januari 2001. Katika stoo ya data ya kampuni ilikutwa nakala ya akiba ya Agosti 2007. Zilipigwa kura 449,351, na tarehe 22 ya mwezi huohuo seva zikafunguliwa. Watu wakaanza upya, ngazi ya kwanza, mfukoni hawana kitu, katika dunia ambayo walikwisha kuimaliza miaka mitano nyuma.

Kilichowafikisha hapo ni Novemba 2012. Jagex ilitaka gemu yake ionekane ya kisasa, ikaung'oa mfumo wa mapigano uliokuwepo tangu mwanzo, ule wa kumbofya adui kisha ukasubiri huku unapiga soga na wenzako. Mahali pake ukaja mfumo wa vitufe vingi vya ustadi, unaotaka macho na vidole muda wote. Kwa mtazamo wa mhandisi ulikuwa mfumo bora. Kwa mtazamo wa mlipaji, mtu alikuwa ameingia nyumbani kwake akakuta samani zimepangwa na mgeni. Wengi wakaondoka.

Waswahili tunazo methali mbili ambazo kwa kawaida hazikutanishwi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na ya kale dhahabu. Hii unamwambia huyu leo, ile unamwambia yule kesho, na hakuna anayekudai maelezo. Mwenye gemu ya mtandaoni hana nafasi hiyo. Anatakiwa azitii zote mbili kwa wakati mmoja, kila mwezi, na bili ya seva mkononi.

Pakacha linalovuja

Gemu ya kununua mara moja ni kama kiatu: ukishalipa, muuzaji hana haja ya kujua kama unakivaa au umekitupa uvunguni. Gemu ya ada ya mwezi ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaishi kwa wasiwasi wa tarehe ya kodi, kwa sababu mpangaji anaweza kufunga virago usiku wowote bila hata kuaga.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Gemu ina wachezaji 100,000 wanaolipa dola 15 kwa mwezi, na kila mwezi watano katika kila mia wanaacha. Asipoingia mgeni hata mmoja, mwaka ukiisha watakuwa wamebaki kama 54,000. Sasa chukulia wanaoacha ni watatu katika mia badala ya watano. Watabaki kama 69,000. Hao wawili tu katika mia, wanaoonekana si lolote, ni wateja 15,000 mwishoni mwa mwaka, sawa na dola 225,000 kwa mwezi, na hakuna tangazo hata moja lililolipiwa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika biashara hii pakacha likivuja mchukuzi hapati nafuu yoyote. Anafika sokoni hana cha kuuza.

Ndiyo maana swali la "tuwape nini kipya?" huulizwa na mhasibu kabla hata ya msanii. Na jibu la kwanza linalomjia kila mtu ni lile la jikoni: wageni bado wana njaa, ongeza chakula.

Hakuna aliyeongeza chakula kwa bidii kama Blizzard ya Irvine, California, katika World of Warcraft. Gemu hiyo ilitoka tarehe 23 Novemba 2004 kwa ada ya dola 14.99, na Oktoba 2010 ilifikisha wateja milioni 12. Kila baada ya miaka kama miwili hutoka toleo kubwa la nyongeza: bara jipya, mazimwi mapya, ngazi mpya za kupanda, hadithi mpya. Katikati yake hushushwa masasisho madogo ya kuwatuliza watu.

Tatizo ni kwamba mlaji hula haraka kuliko mpishi anavyopika, tena kwa mbali. Toleo la Wrath of the Lich King lilitoka Novemba 2008 baada ya kazi ya mamia ya watu. Vikundi vya wachezaji mahiri wa Ulaya vilikuwa vimeua kila zimwi la kuanzia ndani ya siku tatu. Ni kama kushinda kutwa nzima kwenye moshi unapika pilau ya harusi, halafu sinia lirudi tupu hujamaliza kunawa mikono. Na wala hao mahiri si wengi. Upande wa pili kuna mchezaji wa kawaida ambaye hafiki kabisa mezani: mwaka 2006 Blizzard ilijenga ngome ya Naxxramas iliyohitaji watu 40 waliofundwa wakafundika, na wachezaji waliowahi kuiona ndani walikuwa wachache mno, kiasi kwamba miaka miwili baadaye kampuni iliitoa tena ikiwa rahisi. Chakula kilekile, wengi hawakuwa wamekionja.

Kwa hiyo watengenezaji hujifunza ufundi wa kumpunguzia mlaji kasi bila yeye kujiona ananyimwa. Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika somo hili ni cha World of Warcraft ilipokuwa bado kwenye majaribio. Waliamua kwamba mtu akicheza saa nyingi mfululizo, alama za uzoefu anazopata zishuke hadi nusu, ili apumzike. Wajaribio wakachukia: tunaadhibiwa kwa kuipenda gemu! Blizzard haikubadili hesabu, ilibadili majina. Kiwango kilichokuwa kamili kikaitwa asilimia 200, zawadi ya mtu aliyepumzika. Kile cha nusu kikaitwa asilimia 100, hali ya kawaida. Namba zilezile. Malalamiko yakaisha, na watu wakaanza kusifu ukarimu wa kampuni. Mtu yeyote aliyewahi kuona "bei ya zamani" ikiwa imekatwa kwa kalamu nyekundu dukani anaujua ujanja huu, ila huu ulikuwa na heri kidogo ndani yake.

Upanga wa jana

Kuongeza vitu kuna ugonjwa mwingine, na huu hauponi kwa kuajiri wapishi zaidi. Ili upanga mpya utamaniwe, sharti uwe mkali kuliko wa jana. Na wa jana, uliopiganiwa miezi sita, mikesha na watu 40, ugomvi wa mgawanyo, ndoa mbili tatu zikayumba, unageuka chuma chakavu asubuhi moja. Januari 2007 toleo la Burning Crusade lilipandisha kilele kutoka ngazi ya 60 hadi 70. Katika gemu ile vitu vya hadhi ya juu huandikwa kwa rangi ya zambarau na vya daraja la chini kwa kijani. Wachezaji wengi walivuka kwenda bara jipya wakiwa wamevaa zambarau zao, wakapewa na mwanakijiji wa kwanza waliyemsaidia suruali ya kijani iliyo bora kuliko zote walizonazo.

Huo ni mfumuko wa bei, tena usiotofautiana sana na ule wa noti. Nguvu za silaha zilipanda toleo baada ya toleo hadi pigo moja likawa linaandikwa kwa tarakimu zisizosomeka. Mwaka 2014 Blizzard ikazibana namba zote kwenda chini, na Oktoba 2020 ikarudia kwenye ngazi: mtu aliyelala akiwa wa 120 aliamka akiwa wa 50. Wakongo wanaokumbuka 1993, zaire mpya moja ilipobadilishwa kwa za zamani milioni tatu, hawatahitaji kuelezwa zaidi. Sifuri zinafutika, kumbukumbu ya ulichokuwa nacho haifutiki.

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo, na naona mijadala mingi hulipita. Mlipaji wa muda mrefu hanunui kinachokuja tu. Kila mwezi analipia pia kilichopita: ile miaka aliyokwisha kuiweka humo, jina lake, farasi wake, hadithi ya usiku ule mlipomwangusha zimwi mmebaki wawili hai. Kila jipya linaloletwa kumfurahisha linakula akiba hiyo. Likila kidogo, anavumilia. Likila yote, hana tena sababu ya kuwa pale kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa sasa ni mgeni kama wageni wengine.

Aliyeila yote ni Sony Online Entertainment. Gemu yao ya Star Wars Galaxies, iliyotoka Juni 2003, ilikuwa na fani 34 ambazo mtu alizichanganya atakavyo: daktari anayefuga wanyama, fundi cherehani, mpiga muziki wa baa. Kuwa Jedi, shujaa mkuu wa filamu za Star Wars, ilikuwa kazi ya jasho, wachache walifika. Novemba 2005, siku chache tu baada ya kuuza toleo la nyongeza, kampuni ikageuza kila kitu: fani 34 zikawa 9, na Jedi akawa mmoja wa wahusika wa kuchagua dakika ya kwanza. Nia ilikuwa kuvuta umati mpya unaopenda mambo mepesi. Ilibidi wawarudishie fedha walionunua toleo lile. Umati haukuja, wakongwe wakaondoka, na gemu ikachechemea hadi ilipofungwa tarehe 15 Desemba 2011. Kati ya waliolia sana walikuwa mafundi wa kushona na wenye maduka, watu ambao hawakuwahi kushika silaha.

Kijiwe hakiuzi kahawa

Nimewahi kurudi kwenye gemu moja baada ya kuiacha miaka minne. Nilikuta mambo mapya chungu nzima: visiwa, wanyama wa kupanda, taa zimeongezwa mwanga. Nikafungua orodha ya marafiki. Majina yote yalikuwa ya kijivu, na pembeni ya kila moja idadi ya siku tangu mwenyewe alipoingia mara ya mwisho. Mmoja alikuwa amepita siku mia nane. Nilizunguka kama nusu saa nikiangalia mandhari, nikatoka. Ada ya mwezi ule nililipia nusu saa.

Mtu hukaa kijiweni kila jioni miaka ishirini, na kahawa ni ileile, kashata ileile. Muuza kahawa akileta kashata mpya, vizuri. Lakini siku wazee wawili watatu wakihama mtaa, hakuna kashata itakayorudisha kijiwe. Angalia bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna kampuni inayotoa toleo jipya la bao kila msimu, na bado kuna watu Unguja wamelicheza maisha yao yote. Kinachobadilika kila siku ni aliyeketi upande wa pili.

Hapo ndipo mchoro wa idadi ya wateja wa Warcraft mwaka 2014 na 2015 unapofundisha zaidi kuliko ule wa 2010. Katikati ya 2014 gemu ilikuwa na wateja milioni 6.8. Novemba likatoka toleo la Warlords of Draenor, na idadi ikaruka hadi zaidi ya milioni 10. Shangwe. Mwisho wa Machi 2015 walikuwa milioni 7.1, Juni, milioni 5.6. Yaani ndani ya takriban miezi saba waliokuja wote walikuwa wameondoka, na wakaondoka na wengine juu yao. Baada ya robo mwaka iliyofuata kampuni iliacha kabisa kutangaza idadi ya wateja.

Sababu zilitajwa nyingi, ukame wa masasisho ukiwa wa kwanza. Sasisho la Februari 2015 linakumbukwa zaidi kwa kamera ya kujipigia selfi, na wachezaji hawakuisamehe. Lakini kiini cha toleo lile kilikuwa kambi binafsi. Kila mchezaji alipewa ngome yake, yenye mgodi wake, bustani yake, askari wake wa kuwatuma kazi. Kilikuwa kitu kizuri kukitengeneza, na kilimtoa kila mtu mjini. Aliyekuwa akipita sokoni, akasimama, akamkuta fulani na fulani wakapanga safari, sasa alikaa ndani kwake peke yake akibofya orodha ya kazi. Blizzard iliongeza vitu kwa wingi na katika kufanya hivyo ikavunja kijiwe.

Kinyume chake ni EVE Online, gemu ya vyombo vya anga kutoka Reykjavik, Iceland, iliyofunguliwa na kampuni ya CCP Mei 2003. Badala ya kugawa wachezaji katika seva nyingi, karibu wote wamewekwa katika ulimwengu mmoja, na kazi ya kutengeneza habari wameachiwa wenyewe: wanaunda miungano, wanapeleleza, wanaibiana, wanavunjiana mikataba. Januari 2014 muungano mmoja ulishindwa kulipa kwa wakati malipo ya kumiliki eneo la B-R5RB. Maadui wakaona mwanya. Vita ikapiganwa saa 21, watu zaidi ya 7,500 wakashiriki, na meli kubwa kuliko zote, aina ya Titan, ziliteketea 75. Kwa makadirio ya kampuni thamani yake ilikuwa kama dola 300,000. CCP haikuwa imebuni lolote katika hayo. Vyombo vya habari visivyoandika kabisa habari za gemu viliandika, na watu wapya wakajisajili. Bili iliyosahaulika ilifanya kazi ambayo bajeti ya mwaka ya matangazo isingeifanya.

Nisiisifie EVE kupita kiasi, maana CCP nao waliwahi kusahau wanauza nini. Juni 2011 walileta duka la mavazi ya mhusika, na ndani yake miwani ya jicho moja kwa bei inayokaribia dola 70. Halafu jarida la ndani la kampuni likavuja, likiwa na swali jaladani kuhusu uzuri wa uchoyo. Wachezaji wakakusanyika katika kituo kikuu cha biashara, Jita, wakaanza kuupiga risasi mnara wa kumbukumbu, maelfu ya risasi kwa kitu kisichovunjika. CCP ilikuwa na baraza la wachezaji wanaochaguliwa kwa kura tangu 2008. Ikalisafirisha Iceland kwa dharura. Oktoba mkurugenzi mkuu Hilmar Pétursson akaomba radhi kwa maandishi, na kampuni ikapunguza karibu mmoja katika kila wafanyakazi watano. Toleo lililofuata halikuwa na mavazi. Lilirekebisha vyombo vya anga, vitu vidogo vidogo ambavyo wachezaji walikuwa wakivilalamikia kwa miaka.

Nenda, utarudi

Mwenye gemu aliyenishangaza zaidi ni Naoki Yoshida wa Square Enix, Japani. Alikabidhiwa Final Fantasy XIV Desemba 2010, miezi michache baada ya kutoka ikiwa imeoza: seva zinakwama, na picha zimepambwa bila akili, hadi chungu cha maua kikabeba maelezo mengi ya michoro kama mwili mzima wa mchezaji. Yeye na timu yake walifanya mambo mawili kwa pamoja, wakairekebisha gemu mbovu huku wakijenga nyingine pembeni. Tarehe 11 Novemba 2012 wakaifunga ya zamani kwa kuiangushia mwezi, wachezaji wakiwa ndani wanatazama, na Agosti 2013 wakafungua mpya ambayo hadithi yake inaanza miaka mitano baada ya maafa hayo. Waliokuwepo walipewa heshima ya manusura. Linganisha na Galaxies: hapa pia kila kitu kilifutwa, lakini akiba ya mkongwe iligeuzwa kuwa sehemu ya hadithi badala ya kutupwa jalalani.

Yoshida pia amesema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba mtu akimaliza hadithi na aache kulipa, acheze gemu nyingine, arudi sasisho likitoka. Kwa mhasibu wa kawaida hayo ni matusi. Lakini fikiria mpangaji anayeondoka kwa amani na anayeondoka kwa kuchoka. Wa kwanza anaacha begi. Wa pili akisikia jina la nyumba anabadilisha mazungumzo. Masasisho ya Final Fantasy XIV huja kwa ratiba inayojulikana, kila baada ya miezi kama minne, na mtu anaweza kupanga kurudi kama anavyopanga kwenda kijijini Desemba. Wakati toleo la Endwalker linatoka Desemba 2021, walirudi wengi kiasi kwamba kampuni ilisimamisha kuuza gemu kwa muda. Seva zilikuwa zimejaa. Ingawa hata Yoshida ana kamba yake: ukiwa na nyumba ndani ya gemu na usiingie siku 45, nyumba hubomolewa. Viwanja ni haba, wanasema. Nayo ada, naongeza mimi, huingia vizuri.

Kamba hizo ndizo wengi wetu huku tunazijua zaidi, kwa kuwa tunacheza kwa simu na gemu za bure, PUBG Mobile na Free Fire, tukiwa na bando la kuhesabu na seva iliyo mbali. Hakuna ada ya mwezi, kuna msimu. Msimu una pasi, pasi ina zawadi hamsini au mia, na zawadi zina siku ya mwisho. Unanunua UC au almasi, yaani sarafu za ndani ya gemu, halafu unaingia kila siku usije ukapoteza ulichokwisha kulipia. Ni ufundi wa hali ya juu, maana mpishi sasa hahitaji kupika chakula kingi, anahitaji saa ya ukutani tu. Upya unatoka kwenye tarehe. Ila unachosha kwa namna yake: mtu anayeingia kwa hofu ya kukosa, siku akikosa msimu mmoja mzima na kugundua hakuna kilichompata, pasi inayofuata hainunui. Na wapo waliovuka mipaka. Desemba 2022 mamlaka ya biashara ya Marekani iliibana Epic Games, wenye Fortnite, irejeshe dola milioni 245 kwa wateja waliopangiwa vitufe kwa namna ya kuwafanya wanunue bila kukusudia.

Fortnite yenyewe ndiyo inayonirudisha kwenye stoo ya Jagex. Gemu hiyo imefanya matamasha, imemezwa na shimo jeusi, imebadilisha kisiwa mara kadhaa. Siku iliyojaza watu kuliko zote zilizokuwa zimetangulia, milioni 44.7, ilikuwa tarehe 4 Novemba 2023. Siku moja kabla walikuwa wamerudisha ramani ya zamani.

Blizzard walichelewa kulielewa hilo. Mwaka 2013, shabiki alipouliza kwenye mkutano wao kama watafungua seva za Warcraft ya mwanzo, J. Allen Brack, mmoja wa wakuu wa gemu hiyo, alimjibu kwa ufupi kwamba mnadhani mnaitaka, lakini hamuitaki. Aprili 2016 mawakili wao waliifungisha Nostalrius, seva isiyo rasmi ya wapenzi wa gemu ya zamani, na ikajulikana kuwa ilikuwa na wachezaji hai 150,000. Agosti 2019 kampuni ikajisalimisha, ikatoa Warcraft Classic, na foleni za kuingia zikawa za saa kadhaa.

Lakini ya kale nayo inalika. Classic ikamalizwa. Ikabidi waongeze, na cha kuongeza kilikuwa kilekile kilichofuata mara ya kwanza: Burning Crusade ikarudi 2021, Wrath of the Lich King 2022, na Mei 2024 ikarudi Cataclysm, toleo ambalo 2010 ndilo lililoibomoa dunia ya zamani na kuwafanya watu waililie. Walilipia dunia yao irudishwe, kisha wakaitazama ikibomolewa mara ya pili, kwa ratiba. Old School RuneScape, ile iliyotoka stoo ya Jagex, ilichagua njia nyingine: mabadiliko makubwa hupigiwa kura na walipaji wenyewe, zamani kwa kizingiti cha asilimia 75, tangu 2022 asilimia 70. Ujuzi mpya wa Warding ulikataliwa 2019 ingawa waliousema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema hapana, kwa vile hawakufika kizingiti. Ule wa ubaharia ulipita, na ukatoka Novemba 2025, ujuzi wa kwanza mpya kabisa tangu seva zile zifunguliwe. Miaka kumi na miwili kwa kitu kimoja. Katika Jagex hiyohiyo, mwezi huohuo, wachezaji zaidi ya laki moja wa RuneScape ile nyingine, iliyoendelea na mfumo mpya, walipiga kura sanduku la bahati, chanzo cha fedha cha miaka mingi, liondolewe, na kampuni ikakubali.

Blizzard nao, Novemba 2024, miaka ishirini tangu siku ya kwanza, walifungua seva nyingine za Classic, tupu, kuanzia ngazi ya kwanza. Watu wakapanga foleni tena. Ndani, katika bonde la kuanzia, walikuwa mamia wakimgombea nguruwe mmoja, wakisubiri afufuke, wakipiga soga.